Kesi ya akina Karamazov: aliyeua, aliyetamani na aliyefungwa

Mjadala wa dini ukipamba moto mitandaoni, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajabandika picha ya mzee wa Kirusi mwenye ndevu ndefu, na chini yake maneno haya: "Kama Mungu hayupo, kila kitu ruksa." Jina linalowekwa hapo ni la Fyodor Dostoevsky. Waumini wanaipokea picha hiyo kama hati ya ushindi. Wasioamini wanajibu kwamba mzee huyo alikuwa mhubiri tu aliyejifanya mwandishi. Ukiwasoma kwa makini unagundua wengi wanagombania kitabu ambacho hawajakifungua, na siwalaumu sana, maana kitabu chenyewe ni kinene na majina yake yanachosha.

Kitabu ni Ndugu wa Karamazov, riwaya ya mwisho ya Dostoevsky, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Russkiy Vestnik kuanzia Januari 1879 hadi Novemba 1880. Ndani yake mna baba na mwanawe wanaogombea mwanamke mmoja, ugomvi wa mali, mauaji, kesi, watawa, na shetani aliyevaa suruali ya mirabaraba. Ile kauli ya ruksa imo, kwa maumbo kadhaa, ila Dostoevsky haisemi kwa kinywa chake. Wanaisema wahusika: mmoja anaitoa kama nadharia, mwingine anaisimulia kwa kejeli, wa tatu anaiuliza kwa hofu, na wa nne anaifanyia kazi. Huyo wa nne ndiye anayeua.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama Dostoevsky aliamini maneno hayo. Tuulize yalipita mikononi mwa nani mpaka yakafika jikoni kwa mpishi.

Watu wenyewe

Baba ni Fyodor Pavlovich Karamazov, mwenye umri wa miaka 55, mwenye mashamba katika mji mdogo ambao Dostoevsky aliuchora kwa kuuangalia Staraya Russa, alikokuwa na nyumba. Ni mlevi, mchoyo, mfuata wanawake, tena mtu anayefurahia kujifanya kichekesho mbele za watu. Alioa mara mbili na wake wote wawili wakafa. Watoto wao hakuwatesa. Aliwasahau tu. Mtumishi wake Grigory ndiye aliyewachukua na kuwalea kibandani kwake mpaka watu wa upande wa mama zao walipokuja kuwatoa. Ukianza kuhesabu hatia katika riwaya hii, anzia hapo.

Mkubwa ni Dmitri, ofisa wa zamani wa jeshi, mwenye hasira za karibu na mkono mwepesi wa kutoa fedha. Wa pili ni Ivan, msomi wa chuo kikuu, mwenye kichwa kikali na maneno machache. Wa tatu ni Alexei, kijana wa miaka 20 anayeishi na watawa. Kumbuka Warusi humwita mtu kwa jina la mapenzi: Dmitri ndiye huyo huyo Mitya, na Alexei ndiye Alyosha. Wasomaji wengi huishia njiani kwa sababu hawakuambiwa jambo hilo dogo.

Halafu yupo Smerdyakov. Mama yake alikuwa mwanamke asiye na makazi, mwenye ulemavu wa akili, aliyejifungulia kwenye bafu la nje la akina Karamazov na kufa. Mji mzima unanong'ona kwamba baba wa mtoto ni mzee Fyodor. Mzee hakukubali, hakukana kwa nguvu pia; alimpa kijana kazi ya kupika. Watu husema riwaya hii ni ya ndugu watatu. Wako wanne, ila mmoja anakula jikoni.

Hatia za aina tatu

Mkanganyiko mkubwa unatokana na kutumia neno hatia kana kwamba ni kitu kimoja. Katika riwaya hii ziko tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni hatia ya mahakamani: mkono wako umetenda, ushahidi upo, hukumu inatolewa. Ya pili ni hatia ya nia: hukutenda, lakini ulitamani itendeke, ukaacha mlango wazi na kugeuza uso pembeni. Ya tatu ndiyo ngumu, nayo inafundishwa na mtawa mzee Zosima: kila mtu ana hatia mbele ya watu wote kwa ajili ya wote. Pembeni ya hizo tatu imekaa aibu, inayofanana na hatia lakini hufanya kazi tofauti kabisa. Mitya ana aibu nyingi sana.

Tazama hesabu ya fedha zake, kwa sababu ndizo zilizomfunga. Mchumba wake, Katerina Ivanovna, alimkabidhi rubli 3,000 azitume Moscow. Hakuzituma. Alikwenda na Grushenka, mwanamke ambaye baba yake pia alikuwa akimtaka, hadi kijiji cha Mokroye, wakala na kunywa usiku kucha. Zilikwenda 1,500. Nusu iliyobaki aliishona kwenye kitambaa na kuivaa shingoni kama hirizi.

Kwa nini asimalize zote? Kwa hesabu yake mwenyewe, aliyetapanya fedha za mchumba wake ni mtu mwovu, lakini bado anaweza kwenda kumwekea nusu mezani na kusema, mimi ni mhuni ila si mwizi. Siku atakapoifungua ile hirizi, atakuwa mwizi. Mji haukujua lolote kuhusu hirizi. Yeye mwenyewe alikuwa amejigamba kwamba alitumia 3,000 nzima. Basi alipoonekana tena na mafungu ya noti usiku ule ule baba yake alipouawa, na rubli 3,000 zimetoweka chumbani kwa marehemu, kila mtu alijumlisha kwa urahisi.

Wapelelezi walipomhoji kule Mokroye, angeweza kueleza zilikotoka zile fedha tangu mwanzo. Alikaa kimya muda mrefu. Aliona heri washuku kwamba ameua kuliko wajue kwamba ameiba. Wakamvua nguo kutafuta ushahidi, na kilichomuumiza zaidi ya tuhuma ya mauaji kilikuwa soksi zake chafu na kidole gumba cha mguu wa kulia, ambacho maisha yake yote alikiona kibaya. Huyo ni mtuhumiwa wa kumuua baba yake, na anaona haya kwa sababu ya ukucha. Sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu namna aibu inavyoweza kumziba mtu mdomo mpaka akanyongwa na ukimya wake.

Usiku wa mauaji wenyewe, Mitya alikuwa bustanini kwa baba yake akiwa na mchi wa shaba mkononi. Alimwona mzee akichungulia dirishani, chuki ikampanda. Hakupiga. Kwa nini? Anasema hajui, pengine ni machozi ya mtu fulani, pengine mama yake alimwombea. Alikimbia, mzee Grigory akamshika mguu ukutani, naye akampiga kwa ule mchi. Kisha akafanya jambo la huruma lililomwangamiza: aliruka akarudi ndani kuangalia kama mzee bado hai, akamfuta damu kwa leso yake. Ndiyo maana alionekana mjini akiwa na damu mikononi.

Mahakama ilikosea vipi?

Urusi ilikuwa imepata mahakama mpya kwa mageuzi ya mwaka 1864, na kesi kubwa ziliamuliwa na raia 12. Katika kesi ya Mitya walikuwa maofisa 4, wafanyabiashara 2, na 6 waliobaki ni wakulima na watu wa mjini. Mwendesha mashtaka alihutubia vizuri sana. Wakili wa utetezi, Fetyukovich, aliyeletwa kutoka mji mkuu, alihutubia vizuri zaidi. Alianza kwa kusema hakukuwa na wizi wala mauaji, kisha hoja ikamteleza akaanza kudai kwamba hata kama mteja wake aliua, baba wa namna ile hastahili kuitwa baba. Ukimsikiliza unagundua naye haamini kwamba Mitya hakuua. Wale raia 12 wakamtia hatiani kwa kila shtaka.

Hapa wengine huhitimisha kwamba Dostoevsky alikuwa anadharau mahakama. Alikuwa na mashaka nazo, ni kweli, hasa ufasaha wa mawakili. Lakini kisa cha msingi hakukitoa hewani. Alipokuwa mfungwa huko Omsk, kati ya 1850 na 1854, alikaa na ofisa mmoja wa zamani aliyehukumiwa kwa kumuua baba yake, na miaka baadaye ikabainika kwamba hakuua. Mwandishi huyu alijua kwamba ushahidi unaoshikana vizuri kila upande unaweza kuwa uongo mtupu.

Soksi ya Smerdyakov

Sehemu inayonivuta zaidi haiko mahakamani. Ni mazungumzo matatu kati ya Ivan na mpishi, baada ya mauaji na kabla ya kesi.

Ivan ndiye aliyekuwa akisema mezani kwamba bila imani katika uzima wa milele hakuna wema, na kila kitu ni ruksa. Kwake lilikuwa wazo la kuchezea akilini. Smerdyakov alikuwa amesimama nyuma ya viti, akihudumia, akisikiliza. Kisha kabla ya mauaji alimwambia Ivan, kwa mafumbo, kwamba mambo yanaweza kuharibika nyumbani na kwamba ingefaa asafiri. Ivan alielewa na hakuelewa. Akasafiri. Usiku ule ule mzee akauawa.

Kila mazungumzo yanasogea hatua moja. La kwanza linampa Ivan faraja: muuaji ni Mitya. La pili linamtia wasiwasi. La tatu, usiku wa kuamkia kesi, Smerdyakov anapandisha mguu wa suruali, anaingiza vidole ndani ya soksi ndefu nyeupe, anapapasa, na Ivan, bila kujua anaogopa nini, anaruka na kugonga ukuta. Zinatoka noti, zile rubli 3,000. Smerdyakov anazifunika kwa kitabu cha mafundisho ya Mtakatifu Isaka wa Syria kilichokuwa mezani, asije mwenye nyumba akaziona. Kisha anamweleza Ivan kwamba muuaji mkuu ni yeye Ivan. Mpishi alikuwa mtumishi aliyetekeleza.

Je, Ivan ameua? Mahakama ingesema hapana, na ingekuwa sahihi. Hakutoa amri, hakulipa, hakuwepo. Ila anajua alisafiri kwa sababu gani. Hiyo ndiyo hatia ya aina ya pili. Kesho yake anakwenda mahakamani na zile fedha mkononi, anasema Smerdyakov aliua na mimi nilimfundisha, tena anawauliza waliohudhuria ni nani asiyetamani kifo cha baba yake. Wanamwona amerukwa na akili, na kweli homa ya ubongo ilikuwa imeshampanda. Smerdyakov alikuwa amejinyonga usiku. Aliacha karatasi ikisema anaangamiza maisha yake kwa hiari yake, ili asilaumiwe mtu yeyote. Neno moja la kumwokoa Mitya halimo. Muuaji ndiye mtu pekee katika riwaya nzima anayetaka lawama isigawanywe kwa yeyote.

Hapo ndipo kauli ya ruksa ilipofikia. Anayeibandika kama silaha ya kuwapiga wasioamini akisahau hilo, atakuwa ameichukua kutoka mkononi mwa Ivan kabla haijafika kwenye soksi.

Zosima na deni la wote

Sasa ile hatia ya tatu. Zosima ni mzee wa kiroho katika monasteri, yaani mtawa ambaye wengine humkabidhi mapenzi yao awaongoze. Ujanani alikuwa ofisa wa jeshi. Usiku mmoja kabla ya pambano la bastola, alimpiga mtumishi wake Afanasy makofi mawili ya uso mpaka damu. Asubuhi akaamka na kuikumbuka ile sura iliyosimama wima, mikono pembeni, isiyothubutu hata kujikinga. Akamwendea akiwa na sare zake zote, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akaomba msamaha. Kwenye pambano akamwacha mwenzake apige kwanza, kisha akaitupa bastola yake.

Kauli kwamba kila mmoja ana hatia mbele ya wote aliipata kwa kaka yake Markel, aliyekufa akiwa kijana wa miaka 17. Watu huipinga haraka: mimi nina hatia gani kwa wizi wa mtu nisiyemjua? Fikiria kikundi cha kukopeshana ambamo watano wanadhaminiana. Mmoja akitokomea na mkopo, wanne wanalipa. Hakuna anayewaita wezi, lakini hawawezi kusema deni haliwahusu. Zosima anaona wanadamu wote wamo kwenye kikundi hicho, isipokuwa hakuna aliyeulizwa kabla ya kuingizwa.

Kosa la kawaida ni kudhani mafundisho haya yanamfuta muuaji: kama wote wana hatia, basi hakuna mwenye hatia. Yanafanya kinyume. Smerdyakov anabaki muuaji. Ila sasa inabidi pia tuulize nani alimlisha jikoni miaka yote bila kumwita mwana, nani alimfundisha kwa majigambo, na kwa nini hata Alyosha, mpole wa wote, aliyeambiwa na Zosima akae karibu na kaka yake, alimsahau Mitya siku ile ile aliyohitajika.

Imani isiyo na muujiza

Mkanganyiko mwingine: Ivan si mtu anayesema tu Mungu hayupo. Katika mazungumzo yake na Alyosha kwenye mkahawa anasema yuko tayari kumkubali Mungu. Asichokubali ni dunia hii, na hasa mateso ya watoto. Anasimulia habari ya jenerali aliyewaachia mbwa wake wamrarue mtoto mdogo mbele ya mama yake, kwa sababu mtoto alimuumiza mbwa mguu kwa jiwe. Anauliza jenerali afanywe nini. Alyosha, mwanafunzi wa watawa, anajibu apigwe risasi. Mara moja anakiri amesema upuuzi, lakini ameshasema. Kama siku za mwisho kutakuwa na upatanisho unaolipia machozi ya mtoto yule, Ivan anasema, anarudisha tiketi yake ya kuingia humo.

Dostoevsky hakuyaandika hayo kwa mbali. Mei 1878 mtoto wake Alyosha, ambaye hajatimiza miaka 3, alikufa kwa kifafa, ugonjwa ambao baba mwenyewe alikuwa nao. Jina la mtoto alimpa shujaa wake. Ugonjwa alimpa muuaji. Mwezi uliofuata alikwenda monasteri ya Optina pamoja na mwanafalsafa kijana Vladimir Solovyov, akakutana na mtawa mzee Amvrosy. Mapema katika riwaya mama mmoja anamlilia Zosima mtoto wake Alexei, mwenye miaka 3 kasoro miezi 3.

Baada ya tiketi, Ivan anasimulia utunzi wake kuhusu Mkuu wa Mahakama ya Kidini, ile ya Kanisa Katoliki iliyowasaka wazushi, huko Seville, Hispania, karne ya 16. Kristo anarudi duniani, kardinali mzee wa karibu miaka 90 anamfunga na kumwambia alikosea: watu hawataki uhuru, wanataka mkate, muujiza na mtu wa kuwaamuru. Kristo hajibu neno, anambusu. Sura hii huchapishwa peke yake, na ndiyo maana wengi hudhani ni tamko la Dostoevsky dhidi ya Kristo. Ni la Ivan, na jibu lake limetawanyika kwenye kurasa zilizobaki.

Sehemu ya jibu ni harufu. Zosima anapofariki, mji mzima unakusanyika ukingoja muujiza, kwa kuwa waliamini mwili wa mtakatifu hauozi. Ukaanza kunuka, tena mapema kuliko kawaida. Watawa waliomwonea wivu wakafurahi waziwazi. Yule kardinali wa Seville alikuwa amewasoma vizuri: walitaka muujiza. Alyosha naye anaumia, anaondoka, anakwenda kwa Grushenka akiwa tayari kuanguka. Grushenka anakaa mapajani pake kumtania, anaambiwa mzee amekufa, anaruka na kujifanyia ishara ya msalaba. Imani ya Alyosha inaokolewa na mwanamke ambaye mji unamwita mwovu, si na mwili usiooza.

Dostoevsky mwenyewe alimwandikia rafiki yake Konstantin Pobedonostsev, ofisa wa serikali, mwaka 1879 akikiri kwamba ana hofu kama sehemu ya Zosima itatosha kumjibu Ivan. Kwa wale wanaosema riwaya hii ni mahubiri: mhubiri hampi mpinzani wake hoja nzuri kiasi hicho, halafu akakosa usingizi kwa kutojua kama amemshinda.

Niseme kidogo kuhusu Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, kwani jina lake huingizwa kila mara. Mwaka 1928 aliandika kwamba riwaya hii inatokana na tamanio la mwandishi la kumuua baba yake, aliyefariki mwaka 1839 huku kukiwa na uvumi kwamba aliuawa na watumwa wake wa shamba. Uvumi huo haukuthibitishwa, na maelezo ya Freud kuhusu kifafa yamepingwa sana. Isome ukipenda. Haisaidii chochote kumwelewa Smerdyakov.

Limebaki la Mitya. Usiku wa kukamatwa aliota kijiji kilichoungua, na mama mwenye mtoto anayelia kwa baridi na njaa, naye akawa anauliza kwa nini mtoto analia. Akaamka akiwa tayari kubeba adhabu: baba yake hakumuua, lakini alimtamania kifo, na kwa ajili ya yule mtoto lazima mtu ateseke. Ungetegemea aende Siberia na kutakaswa. Badala yake kuna mpango wa kumtorosha, na Alyosha, mtakatifu wa familia, anauunga mkono. Anamwambia kaka yake kwamba msalaba ule haumfai, hayuko tayari, na kwamba akikumbuka siku zote ule utu mpya alioutaka, itatosha. Kama anatoroka au la, kitabu hakisemi. Dostoevsky aliahidi riwaya ya pili na akafa Februari 1881 kabla ya kuianza. Tunachojua ni mpango wa Mitya mwenyewe. Atakwenda Marekani na Grushenka, ingawa tayari anaichukia. Atalima huko huku akijifunza sarufi ya Kiingereza miaka mitatu, kisha watarudi Urusi kama raia wa Marekani, na ili asitambulike atamwomba daktari amtengenezee chunjua usoni.